Mfuo Kwenye Akiki

"Ni kamba."

"Kamba babu yako."

"Nakwambia ni kamba! Kamba imekula jiwe mpaka ikaacha mfuo."

"Kamba inakula akiki? Akiki inakula chuma, halafu we unaniletea habari za kamba. Kamba gani hiyo, ya kumfungia shetani?"

"Basi niambie mfuo huu ni wa nini."

"Ndo umbo lake. Jiwe limeletwa hivi, tunalikata hivi. Umbo halina cha nini."

"Kila kitu kina cha nini, Mjomba."

"Na we una domo. Lala ukate."

Nikalala. Kwetu bondeni mtu akikwambia lala ukate hajakutukana, ndo kazi yenyewe ilivyo. Akiki tunaikata kwa tumbo. Unalala kifudifudi juu ya kiti cha mbao kilichochongwa kama tandiko la punda, kifua kimebanwa, miguu inasukuma papi lililopigiliwa sakafuni, na mikono miwili inakandamiza jiwe kwenye gurudumu. Gurudumu lenyewe ni jiwe la mchanga, jekundu, refu karibu kama mimi, na linazungushwa na maji ya kijito. Ukikandamiza sawasawa, akiki inawaka kwa ndani kama kaa la moto, na mwanga wake unakupiga usoni. Wageni wakiona hivyo wanapiga kelele. Sisi tunatazama tu kama imepinda.

Gurudumu moja linalaliwa na watu wawili, bega kwa bega kama mke na mume, ila hamna mapenzi. Mjomba Nickel alilala upande wa dirishani. Mimi, Velten, mtoto wa dada yake, nililala upande wa mferejini, ambako maji yanakuchuruzikia shingoni mpaka kwenye suruali, na wakati wa baridi unatoka hapo ukitembea kama bata.

Kiti cha dirishani si kiti tu. Mwenye nacho ndiye mwenye nusu ya gurudumu. Yeye anachagua mawe, yeye anaongea na wafanyabiashara, na kijito kikikauka yeye ana zamu ya kwanza ya maji. Wa mferejini ni kibarua, basi. Mjomba hakuwa na mtoto wa kiume, na kifua chake kilikuwa kimeshajaa vumbi. Akikohoa ulidhani mtu anamwaga kokoto. Kila mtu kinuni, kwenye jumba letu la magurudumu, alijua mwaka ule ndo wa mwisho kwake kulala pale. Na kila mtu alijua kiti kitakwenda ama kwangu, ama kwa Adam wa gurudumu la pili, ambaye ni fundi kweli, siwezi kusema uongo, ila ana mzaha mwingi. Mimi nilikitaka kiti kile kuliko nilivyotaka kuoa.

Sasa ile akiki tuliyokuwa tunaigombania ilikuwa kielelezo. Bwana Hessel, mfanyabiashara wetu, aliileta imefungwa kwenye kitambaa, akaiweka mbele ya Mjomba akasema, "Kama hii. Hivi hivi." Nyekundu iliyokolea, inajaa kwenye kiganja cha mtoto. Chini ina pembetatu kama ncha ya mshale, katikati shingo fupi, juu pete ambayo kidole kinapita. Ilitoka Afrika, huko jangwani, na tulizokata zilikuwa zinakwenda huko huko. Zaidi ya hapo hatukujua kitu. Mawe ya milima yetu yaliisha tangu enzi za babu zetu, siku hizi tunaletewa kutoka Brazili kwenye matumbo ya meli, tunayakata, yanakwenda mbali kuliko yalikotoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika popote. Tunakata mipini ya visu, vifungo, shanga. Anavaa nani? Shauri yake.

Mimi jambo hilo lilikuwa linaniwasha. Nilikuwa nimeshakata hizo pembetatu mpaka naziota, na sikujua kama ni ufunguo, hirizi, au ni kitu cha kumtia ng'ombe puani.

Na ndani ya pete ya kielelezo, juu, kulikuwa na mfuo. Mdogo, kama mtu amebonyeza kucha kwenye siagi. Mjomba aliutia kwenye kila jiwe. Alikuwa na jiwe dogo la mchanga lenye makali ya mviringo, analipitisha pale ndani, kwii, kwii, mfuo tayari.

"Mpwa wangu anasema ni kamba," Mjomba alimpigia Adam kelele kupita sauti ya maji.

"Kamba?" Adam hata hakugeuza shingo. "Labda tukate na fundo lake kabisa."

"Cheka," nikamwambia. "Nyie ndo mliokata sanduku zima la mihuri yenye kona iliyovunjika, kwa sababu kielelezo kilianguka njiani kikavunjika kona."

"Huyo alikuwa baba yangu! Na kona zote zilivunjika sawasawa, mwenye mihuri alishindwa kusema kitu!"

Kinu kizima kikacheka, hata Mjomba, mpaka kikohozi kikamshika. Kilipomwachia akajifuta mdomo, akaniangalia kwa yale macho yake mekundu.

"Haya, kijana. Unaona mimi nazeeka, sioni tena kilichokatwa na kilicholika. Nenda kanithibitishie. Ukithibitisha, kiti hiki chako, na mbele ya hawa nasema. Ukishindwa, unaondoka kwenye gurudumu langu kabisa, ukapande viazi na baba yako, maana sitaki kulala na mtu anayenifundisha kazi sikioni kutwa."

Adam akaacha kukata. Hakuwa anacheka tena.

"Nipe kielelezo," nikasema.

Nilikwenda kwa Mama Lisett. Huyu ni mjane, anakaa nyumba ya juu ya daraja, na ndiye anayetoboa mawe yetu yote. Ana keekee ya uta yenye kipande cha almasi nchani, anakaa dirishani anavuta uta, vuu, vuu, siku nzima, huku akiongea na kila anayepita chini. Sisi wakataji tunajua sura ya nje ya jiwe. Matundu anayajua yeye.

"Umefukuzwa?" akaniuliza kabla sijafunga mlango.

"Bado. Nitazamie hii."

Aliilowesha kwa mate, akaipeleka dirishani. Hakuitazama usoni. Aliilaza mwanga uingie kwa pembeni, akafumba jicho moja. Mimi nikasimama, nikakaa, nikasimama tena.

"Tulia, Velten. Unanitikisia nyumba."

"Unaona nini?"

"Mnavyokata nyinyi, gurudumu linaacha mistari, hata mkiing'arisha namna gani. Midogo, yote inakwenda upande mmoja kama nyasi zilizolaliwa. Hapa nje ipo. Aliyekata hii hakuwa na gurudumu kubwa, amesugua kwa mkono, mistari inakwenda ovyo ovyo. Lakini ipo." Akaigeuza. "Kwenye mfuo haipo. Hapa pamelainika kama kizingiti cha mlango."

"Kamba!" nikaruka. "Si nilisema?"

"Umesema wewe, mimi sijasema. Kamba ingekula pande zote, au katikati. Huu umeinama. Shika uone."

Nikaweka kidole. Kweli. Nilikuwa nimeushika mfuo ule siku nyingi na sikuwa nimeligundua hilo: upande mmoja ulikuwa na kina zaidi, na ulikwenda mshazari, kama kitu kilichoning'inia ndani ya pete kilikuwa kinavutwa mbele, mbele, kila mara.

"Ng'ombe puani," nikasema.

"Ng'ombe wa nani mwenye pua ndogo hivi, punguani wewe?" Akaipima uzito kiganjani. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akachomoa vibanio, na msuko wake ukaanguka mpaka kiunoni, mweupe, mnene kama mkono wangu. Sikujua ana nywele vile. Akasuka msuko mmoja mwembamba karibu na sikio la kulia, akaupitisha kwenye pete, akaukunja akaufunga kwa uzi.

"Mama Lisett, unafanya nini?"

"Natafuta. Kaa kando."

Akaanza kutembea. Kutoka jikoni mpaka kitandani, kutoka kitandani mpaka jikoni, mgongo umenyooka kama bibi harusi, na ile akiki inamgonga shavuni, ti, ti, ti. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Ghafla alikuwa mtu mwingine. Akasimama mbele yangu.

"Tazama nywele zimekaa wapi. Usiguse. Tazama tu."

Nikainama. "Zimekaa nje ya mfuo. Upande wa pili kabisa."

"Enhe."

Akaifungua akiki, akasuka msuko wa kushoto, akaifunga hapo. Akatembea tena. Mara hii nilimfuata nyuma kama mbwa, pua karibu na sikio lake. Na niliona kwa macho yangu: kila akitupa mguu, jiwe linakwenda mbele, msuko unateleza, na unaangukia ndani ya mfuo. Unatulia mle. Mguu wa pili, tena mle. Ungedhani mtu aliuchimba kwa kipimo cha kichwa chake.

"Umo," nikasema.

"Umo?"

"Umelala mle mle."

Mama Lisett akagusa sikio lake la kushoto. "Basi ni mwanamke, alivaa kushoto, na alitembea sana."

"Nywele zinakula akiki?"

"Nywele peke yake hapana. Nywele na mafuta na mchanga. Si jiwe lenyewe limetoka jangwani, kwenye mchanga? Mimi kila siku natoboa akiki kwa vumbi na mafuta, wewe unadhani natoboa kwa nini? Ila mimi nina uta, yeye alikuwa na miguu tu." Akaivua, akairudisha kwenye mwanga. "Ngoja. Upande wa kulia pia pameguswa. Kidogo tu, kama umande. Huyu alikuwa mwingine."

"Mwingine nani?"

"Nitajuaje? Binti yake. Dada. Mke mwenza aliyemwibia. Alivaa kulia, si kwa muda mrefu, halafu ikarudi kushoto."

"Au yule yule mmoja aliumwa sikio."

Akanipiga kofi la begani. "Unaona? Sasa na wewe umeanza kumjua."

Nilirudi kinuni nikikimbia. Sioni aibu kusema hivyo. Nilikuwa na jibu mfukoni, lakini kilichonikimbiza si kiti peke yake. Nilikuwa namwona yule mwanamke. Nilitaka kujua alikuwa anatembea kwenda wapi.

Mjomba alikuwa amekaa kizingitini anakula viazi na kitunguu. Nikamwambia yote, harakaharaka, na kutembea nikamwonyesha, kielelezo nimekishikilia sikioni. Adam alikuja akaegemea mlango.

"Makubwa," akasema. "Velten amekuwa bibi."

"We nyamaza," Mjomba akamwambia. Aliweka kiazi chini. Akachukua moja ya akiki zetu alizozikata mwenyewe asubuhi, akaishika mkono wa kulia, kielelezo mkono wa kushoto, akafumba macho. Vidole gumba vyake viwili viliingia kwenye mifuo miwili kwa pamoja. Vidole vya Mjomba vimeliwa na kazi, havina alama hata moja, laini kama tumbo la samaki, na hakuna kitu kinachovidanganya. Maji yalikuwa yanapita.

"Wa kwangu unashika kidole," akasema hatimaye. "Huu hauna mwanzo wala ukingo." Akafumbua macho. "Ni nywele."

"Mimi nilisema kamba," nikasema.

"Ulikosea. Ila ulikosea karibu kuliko mimi." Halafu akaanza kucheka, kwa chini, akitikisa kichwa. "Hebu fikiria, Adam. Mimi, mkataji, mtoto wa mkataji, nimekata uchakavu wa mtu. Bibi wa watu amevaa kitu chake mpaka kimelika, mimi nimechukua jiwe jipya nikalichakaza! Ni kama fundi viatu aletewe kiatu cha zamani, ashone kipya chenye tundu kwenye kidole gumba!"

"Baba yangu amepata mwenzake," Adam akasema, akatabasamu, lakini akarudi kwenye gurudumu lake bila kunitazama.

Mjomba akanishika shingo, akanitikisa. "Kiti chako. Wiki ijayo nahamia mferejini, nikuone utakavyojivuna. Bwana Hessel akija kuchukua mzigo nitamwambia mwenyewe. Zilizobaki tunakata safi, bila mfuo, kama alivyokata yule wa kwanza kabla jiwe halijavaliwa."

Sijawahi kulala usingizi mzuri kama siku zile.

Bwana Hessel alikuja na gari lake la farasi, na kofia yake ya manyoya ingawa hapakuwa na baridi. Si mtu mbaya. Anajua majina ya watoto wetu. Mjomba alisimama mbele yake, kofia mkononi, akamweleza kosa lake kama mwanafunzi. Akaomba radhi kwa mzigo uliokwisha kwenda. Bwana Hessel alisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka.

"Nickel, Nickel. Mbona hukuniuliza? Mimi najua ni nywele."

Mjomba akakunja uso. "Unajua?"

"Wakala wangu wa bandari ya Marsei alinieleza zamani. Kabla yako nilizikatisha safi, bila mfuo, kwenye kinu kingine, nzuri, zinang'aa kama macho. Zilirudi. Wanawake wa kule walizipindua, wakatia kidole ndani ya pete, wakaziweka chini. Walisema hizi hazijawahi kuwa za mtu. Ndo nikakuletea ya zamani nikakwambia hivi hivi. Zenye mfuo zinakwenda."

"Wanadhani ziliwahi kuvaliwa," Mjomba akasema polepole.

"Hawadhani kitu. Wanazipenda."

"Wanatia kidole, wanasikia kuna mtu. Na mtu mwenyewe ni mimi. Mimi na kipande cha jiwe la mchanga."

Bwana Hessel akainua mabega. "Nyekundu yenyewe mmeipika kwenye tanuri. Nyeusi mnaziloweka kwenye asali. Leo ndo umeanza dini?"

Hilo nami nililifikiria. Nikasema, "Kweli, Mjomba. Rangi si tunatia sisi?"

"Rangi haina mwenyewe," Mjomba akanijibu bila kugeuka. "Mfuo huu una mwenyewe." Akamwangalia Bwana Hessel. "Mimi nakata mawe. Miaka ya mtu siikati. Nilikuwa naikata bila kujua, sasa najua."

Adam naye alikuwa amesimamisha gurudumu lake, na ukisimamisha gurudumu pale ndani unasikia hata matone. Kilichokuwa kinaning'inia kila mtu alikiona. Bila mzigo wa Hessel gurudumu letu halina kazi, na kiti cha gurudumu lisilo na kazi ni kuni.

Bwana Hessel hakubishana. Alichukua kielelezo, akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Nani aliyegundua kwamba mfuo umeinama?"

"Mimi," nikasema. "Mimi na Mama Lisett."

"Hilo mimi sikulijua. Wakala ananiandikia kuwa siku hizi wameanza tena kusita kuzinunua, hajui kwa nini. Sasa nimeelewa. Mifuo yenu imenyooka." Akanipa jiwe mkononi. "Kwa kipande cha jiwe la mchanga huwezi kuupata huu, sivyo?"

"Huwezi. Mchanga unaacha mistari."

"Basi haiwezekani."

Angenyamaza hapo ningenyamaza. Ila mtu akiniambia kitu hakiwezekani, kichwa changu kinaondoka chenyewe. Nilikuwa nimeshaingiza kidole kwenye mfuo, nauona ule msuko unateleza, mguu, mguu, mguu.

"Inawezekana," nikasema. "Unachukua ukanda wa ngozi mwembamba. Unaupaka mafuta na vumbi la mawe, lile laini la chini kabisa ya mfereji. Unaufunga kwenye fimbo inayokwenda mbele na nyuma, unaifunga kwenye mhimili unaozungushwa na maji, na jiwe unaliacha lining'inie, usilikaze. Lazima lining'inie, ndo litalika lenyewe kwa mshazari. Halafu machache unayafunga kulia kwa muda mfupi, kwa sababu..."

Hapo ndo nilimwona Mjomba. Hakuwa na hasira. Nilimjua akiwa na hasira, angenirushia kiatu. Alikuwa ananisikiliza kwa makini, kama anavyolisikiliza jiwe kabla ya kulipasua.

"Kwa sababu gani?" akauliza.

Nikaliinamia jiwe mkononi.

"Sema, Velten. Kwa sababu kulikuwa na mwingine. Sema."

"Mjomba, nilikuwa natafuta tu itafanyikaje."

"Najua. Na umeipata." Akainama, akachukua kitambaa alichozoea kuwekea kifua chake kwenye kiti cha dirishani, akakikung'uta, akakikunja. "Niliahidi mbele ya watu. Kiti chako hicho."

"Na wewe utalala wapi? Ulisema mferejini."

"Mwite Adam, alale na wewe."

"Mjomba!"

Alivaa kofia yake. Alimpungia Bwana Hessel mkono kwa adabu, kama mtu anayemaliza kazi siku ya kawaida. Mimi nilikuwa nimeshika lile jiwe, kidole bado kimo ndani, na Mungu anisamehe, bado nilikuwa nahesabu ukanda uwe na upana gani. Mjomba akageuka, akatoka, akapanda njia ya mlimani akikohoa, na hakutazama nyuma.